Redio Ukambani: Kweli au Porojo?

Keti kidogo kwenye stendi ya Wote au soko la Mwingi na hukosi kumsikia mtu akiizika redio. Hadithi hizi bila shaka umezisikia. Tuzipime.

"Siku hizi hakuna anayesikiliza redio." Si kweli, ingawa uvumi huu una chanzo. Sensa ya 2009 ilikuta redio katika karibu robo tatu ya kaya za Kenya. Ya 2019 ikakuta asilimia 56.9. Anguko kubwa! Lakini tazama kilichohesabiwa 2019: redio inayojitegemea, ile ya mezani. Iliyomo ndani ya simu ya mwendesha bodaboda wa Kibwezi haimo kwenye hesabu hiyo. Vyombo vimepungua, masikio ni hesabu nyingine. Kinachoumia, kwa maoni yangu, ni kipindi cha mjadala. Redio ya mezani ilisikilizwa na nyumba nzima, na ubishi uliendelea hata mtangazaji alipokwisha kuaga. Ya sikioni ni ya mtu mmoja, na mada ikimchosha anahamia kwenye video.

"Redio ya simu inakula bando." Porojo, mradi simu yako iwe na FM. Hiyo hunasa mawimbi hewani, na waya wa sikioni ndio antena. Bando huliwa ukisikiliza kupitia intaneti, na simu nyingi mpya, kwa bahati mbaya, huja bila FM.

"Kuhamia dijitali 2015 kuliua redio." Uongo mtupu. Iliyozimwa ni mitambo ya analogi ya televisheni. FM haikuguswa.

"Bila tajiri, stesheni haisimami." Si kweli. Musyi FM ina Royal Media Services nyuma yake, sawa. Lakini Mang'elete, kule Nthongoni upande wa Mtito Andei, ilianzishwa na vikundi vya akina mama na ikaanza kutangaza 2004. Wafadhili walisaidia, ila mwenye stesheni ni jamii.

"Anika betri juani, redio itaamka." Kweli! Wazee hawakukosea. Joto huchangamsha kemikali zilizobaki ndani ya betri kavu, na umeme hutoka kidogo zaidi. Chaji mpya haiingii, kwa hiyo utapata taarifa ya habari na pengine matangazo ya vifo, kisha kimya. Jua linatosha, ukiziweka karibu na makaa zitapasuka.