Ave Africa: Roki ya Dar es Salaam Ndani ya CD

Ave Africa ni albamu ya Sunburst, bendi ya roki iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970. Ilirekodiwa Zambia na kutoka mwaka 1976 ikiwa santuri, chini ya kampuni ya Teal. Haukupita muda mrefu bendi ikavunjika, na santuri ikabaki mikononi mwa watu wachache waliowahi kuinunua. Mwaka 2016, miaka 40 baadaye, kampuni ya Strut ya Ulaya iliitoa upya, safari hii kwenye CD pia, ikiwa imeunganishwa na nyimbo za santuri ndogo na rekodi za redio za mwaka 1973.

Bendi hiyo ilikuwa na wanamuziki kutoka zaidi ya nchi moja. Mwimbaji James Mpungo na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo, aliyetokea Kongo, ndio wanaotajwa zaidi. Walianza kwa kupiga nyimbo za Kizungu kumbini, kama bendi nyingi za vijana wa wakati huo, kisha wakajenga mtindo wao wenyewe walioupa jina la Kitoto: gitaa la umeme linalokoroma, kinanda, midundo ya ngoma za Kiafrika, na mashairi ya Kiswahili na Kiingereza yanayozungumzia umoja wa Afrika na heshima ya mtu mweusi. Majina ya nyimbo kama "Enzi za Utumwani" na "Black Is Beautiful" yanatosha kuonyesha walikoelekea.

Mazingira ya nyumbani hayakuwa mepesi kwa muziki wa aina hiyo. Novemba 1969 uongozi wa Dar es Salaam ulikuwa umepiga marufuku muziki wa soul kwa hoja kwamba unaharibu vijana. Bendi zilizostawi zilikuwa za dansi, nyingi zikiwa chini ya mashirika ya umma: NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Radio Tanzania ilirekodi bendi hizo studioni kwake na kuzirusha hewani, lakini kanda zilibaki kabatini, na nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Sunburst nao walitoa santuri zao ndogo kupitia Kenya kabla ya kuelekea kusini.

Kuelekea kusini kulikuwa na mantiki yake. Zambia ya miaka hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya roki katika sehemu hii ya Afrika. Vijana wa miji ya migodi ya shaba walikuwa wamepata magitaa, amplifaya na santuri za Uingereza, na Rais Kenneth Kaunda alitaka redio ya taifa ipige kwa wingi muziki wa Wazambia wenyewe. Matokeo yake yakawa kundi zima la bendi ngumu ambazo leo huitwa kwa jina moja la Zamrock: WITCH ya Emmanuel "Jagari" Chanda, Musi-O-Tunya, na Amanaz, ambao santuri yao iitwayo Africa ilitoka mwaka 1975. Kwa hiyo Ave Africa ni kazi ya bendi ya Tanzania iliyokomaa kwenye udongo wa Zambia, na ni haki kuisikiliza ikiwa katikati ya hizo nyingine. Kwa bahati mbaya, iliingia sokoni wakati mgumu. Bei ya shaba duniani ilianguka baada ya 1974, fedha za kigeni zikaadimika, na biashara ya santuri ikadhoofika pamoja na mengine yote.

Mpaka ambao Sunburst waliuvuka ndio unaofunga uwanda wa juu wa Ufipa upande wa kusini. Mkoa wa Rukwa, uliopo kwenye uwanda huo, makao yake makuu yakiwa Sumbawanga, ulianzishwa mwaka 1974, katika miaka hiyo hiyo. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975 na kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, haikupanda uwandani. Ilipita Mbeya na Tunduma, na mwenyeji wa Sumbawanga alibaki na barabara ya vumbi ya zaidi ya kilomita 200 hadi kuifikia. Zambia, kinyume chake, iko jirani. Maporomoko ya Kalambo yako mpakani penyewe, na kutoka Matai mtu hufika Kasesya na kuingia upande wa Mbala. Hata umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia kwa miaka mingi, kwa kuwa mji haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa. Deki iliyocheza CD mjini hapo katika miaka hiyo ilizungushwa na umeme wa nchi ileile iliyorekodi Ave Africa.

CD yenyewe ni sahani ya plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, yenye kipenyo cha milimita 120, unene wa milimita 1.2 na tundu la milimita 15 katikati. Kampuni za Philips na Sony zilikubaliana vipimo hivyo mwaka 1980, na mashine ya kwanza ikauzwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Juu ya plastiki kuna tabaka jembamba mno la alumini, juu yake vanishi, na juu ya vanishi ndiyo maandishi. Muziki umo kwenye mstari mmoja unaojizungusha kuanzia ndani kwenda nje, kinyume cha santuri. Mizunguko yake imeachana kwa maikromita 1.6, yaani zaidi ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwenye CD iliyojaa mstari huo una urefu wa zaidi ya kilomita 5.

Ndani ya mstari kuna vishimo vilivyopigwa chapa kiwandani. Mwanga wa leza usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, hupita kwenye plastiki, hugonga alumini na kurudi. Kina cha kishimo kimepangwa ili mwanga unaorudi kutoka hapo ufute sehemu kubwa ya ule unaorudi kutoka pembeni yake. Kila mwanga unapobadilika kutoka mkali kwenda hafifu au kinyume chake, mashine husoma moja, na pasipobadilika husoma sifuri. Ili kasi ya kusoma isibadilike, sahani huzunguka karibu mara 500 kwa dakika leza ikiwa ndani, na hupungua hadi karibu mara 200 ikifika ukingoni.

Namba hizo ni vipimo vya sauti. Kila sekunde ya wimbo imepimwa mara 44,100 kwa spika ya kushoto na mara 44,100 kwa ya kulia, na kila kipimo huchaguliwa kati ya ngazi 65,536. Sikio la binadamu halivuki mitetemo 20,000 kwa sekunde, na hesabu inataka vipimo zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo kiasi hicho kinatosha. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika 20 na ushei. CD hubeba 74 bila kugeuzwa. Nafasi hiyo ndiyo inayowapa watoaji uhuru wa kuweka kazi zote za bendi pamoja, jambo ambalo Sunburst wenyewe hawakuwahi kulipata.

Kuhamisha muziki wa miaka ya 1970 kwenda kwenye CD kuna ugumu wake, na kwa roki ugumu huongezeka. Kanda ya awali ikikosekana, hutafutwa santuri iliyo safi, huoshwa, huchezwa kwa sindano nzuri, kisha programu ya kompyuta huondoa mikwaruzo na milio ya vumbi. Kwenye taarab au dansi kazi hiyo si ngumu sana, maana magitaa yake ni safi na kasoro hujitenga. Gitaa linalokoroma ni habari nyingine. Mkoromo hupatikana kwa kuizidishia amplifaya nguvu hadi vilele vya mawimbi ya sauti vikatike, na wimbi lililokatika hufanana sana na wimbi lililoharibika. Programu ikiachiwa huru, itafuta uchakavu wa santuri pamoja na jasho la mpiga gitaa. Fundi mzuri huacha mikwaruzo michache ipite, na huo ndio uamuzi sahihi: roki iliyosafishwa kupita kiasi haina ladha.

Vumbi la Ufipa haliiumizi CD kama lilivyoumiza santuri. Leza inapoingia kwenye plastiki, duara la mwanga wake lina upana wa karibu milimita 0.8, na hukusanyika kuwa nukta ndogo mno pale tu inapofika kwenye alumini. Chembe ya vumbi iliyo juu ya plastiki hubaki nje ya shabaha. Isitoshe, namba za sauti hazikupangwa mfululizo. Zimetawanywa na kuongezewa namba za ukaguzi kwa kanuni waliyoibuni Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, hivyo mashine huweza kujaza pengo la milimita 2.5 hivi la mstari bila msikilizaji kujua. Pengo likizidi hapo, mashine hukisia. Likizidi tena, hunyamaza au kurukaruka. Ndiyo sababu CD hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Kuifuta kwa kuzungusha, kama sahani ya chakula, kunaweza kuacha mchubuko unaofuata mstari na kufuta namba nyingi za mahali pamoja.

Upande wa kuogopa ni ule wa maandishi. Plastiki ina unene wa zaidi ya milimita moja chini ya alumini, lakini juu yake kuna vanishi na rangi tu. Msumari ukipita hapo, alumini hung'oka, na hakuna dawa. Baridi ya Juni na Julai Sumbawanga huleta tatizo jingine la muda: deki iliyolala kwenye chumba baridi ikiingizwa sebuleni penye joto hupata ukungu kwenye lenzi, na hugoma kusoma hadi ikauke.

CD ya kuchomwa ni kitu tofauti, ingawa kwa macho zinafanana. Haina vishimo, ina rangi ya kemikali ambayo leza ya kompyuta huichoma ili ionekane kama ina vishimo. Rangi hiyo hupauka juani, na nakala iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari inaweza kufa baada ya muda mfupi. Hukaguliwa kwa kugeuzwa: ya kiwandani ni ya fedha tupu, ya kuchomwa huwa na kivuli cha kijani, buluu au dhahabu, na mara nyingi huonekana mahali uandishi ulipokomea. Nakala za aina hiyo ndizo zilizozagaa madukani Tanzania hadi serikali ikaanzisha mwaka 2013 stempu za kodi za kubandikwa kwenye bidhaa za muziki na filamu.

Siku hizi flashi na simu zimeisukuma CD pembeni, na deki nyingi zimebaki kuwa stoo ya vipuri. CD ya kiwandani bado inasomeka kwenye kompyuta yenye kisomeo cha DVD. Anayeihamisha Ave Africa kwenda kwenye flashi ana njia mbili: kuhifadhi mafaili ya WAV, yanayochukua moja na sifuri zote 1,411,200 za kila sekunde, au MP3 ya kiwango cha kawaida, inayobakiza chini ya sehemu moja ya kumi ya hizo. Kwenye spika za simu tofauti haionekani. Kwenye sabufa na spika kubwa, matoazi ndiyo huanza kusikika yamechoka, kisha gitaa la Hembi Flory Kongo linafuata.