Kipaumbele cha Usukani katika Haidroliki ya Mitambo ya Ujenzi: Mazingatio kutoka Batsinda, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mafuta ya haidroliki yanavyogawanywa baina ya usukani na vifaa saidizi vya mtambo. Yanadai kwamba katika maeneo ya vilima mgawanyo huo ni suala la usalama wa umma, wala si la gereji pekee.

Utangulizi

Batsinda imo katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, mradi wa nyumba ulijengwa hapo kwa ajili ya wakazi waliohamishwa kutoka Kiyovu. Katika mji wa vilima kama Kigali, mitambo ya kuchimba na kupakia udongo hulazimika kukata kona kwenye miteremko iliyo karibu na makazi.

Utendaji wa mfumo

Katika gari dogo, haidroliki humpunguzia dereva uzito tu. Usukani bado umeunganishwa na magurudumu kwa vyuma. Katika kijiko cha magurudumu, kwa kawaida muunganisho huo haupo. Usukani huzungusha kigawa-mafuta, nacho hupeleka mafuta kwenye silinda inayogeuza magurudumu. Mara nyingi pampu hiyohiyo ndiyo inayoinua ndoo. Malori ya tipa hutofautiana, kwa kuwa aghalabu pampu ya usukani na ile ya kuinulia bodi hutenganishwa.

Tuchukue pampu inayotoa sentimita za ujazo 16 kwa kila mzunguko. Ikizungushwa mara 2,000 kwa dakika, hutoa lita 32. Kwa mizunguko 700, injini inapounguruma bila kukanyagwa, hutoa lita 11.2, kabla ya kutoa kinachovuja ndani. Kigawa-mafuta cha sentimita za ujazo 160 kikizungushwa mara 60 kwa dakika huhitaji lita 9.6. Kwa hiyo, katika kona ya polepole, usukani pekee hukaribia kumaliza mafuta yote. Dereva akiinua ndoo wakati huohuo, mafuta hufuata njia yenye ukinzani mdogo, na usukani unaweza kukaza. Vali ya kipaumbele huzuia hali hiyo: huutosheleza usukani kwanza, kisha huachilia ziada iende kwenye ndoo.

Mwinuko nao huchangia. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 85, ikilinganishwa na 101 pwani. Msukumo unaoingiza mafuta kwenye pampu kutoka tangi lililo wazi kwa hewa hupungua. Chujio lililoziba au mafuta mazito ya asubuhi huweza kusababisha viputo vinavyokula vyuma vya pampu na kupunguza mtiririko.

Athari za kisera

Kiwango cha kimataifa cha ISO 5010 kinataka usukani wa haidroliki upewe kipaumbele pale unaposhiriki chanzo kimoja na mifumo mingine. Hata hivyo, vali inayokwama haionekani kwa macho, na jaribio la injini ikiwa kasi halitaifichua. Inapendekezwa kwamba ukaguzi wa mitambo ujumuishe jaribio moja rahisi: injini ikiwa katika mzunguko wa chini, ndoo iinuliwe huku usukani ukizungushwa. Usukani ukikaza, mtambo usiruhusiwe kuingia kazini. Sharti hilo lingeweza pia kuwekwa katika mikataba ya ujenzi wa barabara za mitaa, ambako gharama yake ni ndogo kuliko ya ajali moja.