Neno «subpar» na Alama za Mtoto

Neno la Kiingereza «subpar» lina asili ya Kilatini: «sub», yaani chini ya, na «par», yaani sawa. Hutumika kuelezea kitu kisichofikia kiwango kinachotazamiwa. Aghalabu hufasiriwa «chini ya wastani», lakini hapo mwanachuo hana budi kuwa na hadhari. Wastani hutokana na alama za wanafunzi wenyewe. Kiwango huwekwa kabla ya jaribio.

Tuchukue wanafunzi watano waliopata 80, 85, 90, 95 na 100. Wastani wao ni 90. Aliyepata 80 yu chini ya wastani. Lakini ikiwa kiwango kilichowekwa ni 50, amekipita kwa mbali, na kazi yake haistahili kuitwa «subpar». Kinyume chake, darasa zima likipata chini ya 50, hata aliye juu ya wastani hajafikia kiwango.

Basi mwalimu asiliandike neno hili katika daftari la mtoto likasimama peke yake. Aonyeshe hatua iliyokosewa, ili mtoto ajue pa kuanzia.