Dhana ya Kupelekeana Ujumbe katika Ukokotoaji Sambamba: Mfano wa Utabiri wa Mvua Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi michakato ya programu sambamba za kompyuta inavyowasiliana, na kupendekeza istilahi inayoifaa dhana hiyo. Hoja kuu ni kwamba kitenzi "kupelekeana" kinaibeba dhana hiyo vizuri zaidi kuliko "kutuma" au "kupitisha".

2.0 Dhana Yenyewe

Katika ukokotoaji wa aina hii, kazi hugawiwa michakato kadhaa, na kila mchakato huwa na kumbukumbu yake isiyosomwa na mwingine. Ichukuliwe kwamba modeli ya hali ya hewa inakokotoa mvua ya Singida, mkoa wenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Mchakato mmoja umepewa eneo la Ikungi na mwingine Manyoni. Upepo na unyevu havijui mipaka ya wilaya. Kwa hiyo, katika kila hatua ya muda, kila mchakato huhitaji takwimu za ukanda wa mpakani kutoka kwa jirani yake. Zikikosekana, kosa huanzia mpakani na kuenea ndani, na mkulima wa alizeti hupewa utabiri usiotegemeka.

Kiwango cha MPI, kilichotolewa mwaka 1994, huitaka amri ya kupeleka ilingane na amri ya kupokea.

3.0 Mkwamo

Iwapo Ikungi na Manyoni zote zitaanza kwa kupokea, kila moja itamngoja mwenzake milele. Zote zikianza kwa kupeleka, mkwamo bado waweza kutokea ujumbe ukiwa mkubwa, kwani mpelekaji hulazimika kumsubiri mpokeaji. Suluhisho ni mmoja apeleke kwanza na mwingine apokee kwanza, au itumike amri inayounganisha matendo yote mawili.

4.0 Istilahi

"Kutuma" hutaja upande mmoja tu. "Kupitisha" hudokeza kuwapo kwa mtu wa kati. Katika pelek-e-an-a, kiambishi cha kutendea humwonyesha mlengwa, na cha kutendana huonyesha wajibu wa pande zote mbili. Hata hivyo, MPI-2 ya mwaka 1997 iliruhusu mchakato mmoja kuandika katika kumbukumbu ya mwingine bila amri ya kupokea. Hapo "kupelekeana" hakufai. "Kuweka" na "kuchukua" ndiyo maneno stahiki.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mofolojia ya Kiswahili yaweza kubainisha tofauti za kitaalamu, mradi dhana ieleweke kabla ya kuundiwa jina.