Kisu cha Kipepeo kwa Bajeti Ndogo: Soma Hii Kabla Hujabonyeza "Tuma"

Mwenzetu mmoja hapa ofisini hukusanya visu, na si vya jikoni. Anapenda balisong, kile ambacho wengi hukiita kisu cha kipepeo kwa sababu mpini wake ni vipande viwili vinavyofunguka kama mabawa. Ukikifunga, makali yote yanajificha katikati ya mpini.

Siku moja aliona mtandaoni kimoja cha ajabu: mpini wa pembe, ubapa wa mawimbi, shilingi 6,500. Muuzaji akamwambia, "Boss, kimebaki kimoja tu. Tuma na ya kutolea nikuwekee." Pesa iliyokuwa kwa simu ilikuwa ya chama, ya kupeleka Jumamosi. Akajiambia atairudisha mshahara ukiingia. Jina lililotokea kwenye skrini halikuwa la muuzaji, lakini alibonyeza tu. Jioni hiyo ile nambari ilikuwa imezimwa, na Jumamosi ikabidi awaeleze wanachama wenzake pesa yao ilienda wapi.

Ametukubalia tusimulie kisa chake ili wewe usikirudie. Basi tuanze na kisu chenyewe, kwa sababu asiyejua anachonunua ndiye rahisi kutapeliwa.

Jua unachonunua

Nyumbani kwa balisong ni mkoa wa Batangas nchini Ufilipino. Katika mji wa Taal kuna hata kata inayoitwa Balisong, na mafundi wa huko bado wanavifua kwa mkono. Mipini huwa ya pembe, mfupa, mbao au shaba. Kwa kuwa ni kazi ya mkono, viwili havifanani kabisa, na ndiyo maana mtu wa bajeti ndogo anaweza kupata kitu cha kipekee bila kufuata majina makubwa. Kampuni ya Marekani inayojulikana leo kama Benchmade ilianza mwaka 1979 kwa jina la Bali-Song, na visu vyake vya zamani vinasakwa sana na wakusanyaji. Hiyo ni ligi nyingine, usianzie huko.

Omba video fupi, si picha pekee. Angalia kama mpini unacheza upande kwa upande kisu kikiwa wazi, kama ubapa unagusa mpini unapofungwa, na kama komeo la chini linashika. Uliza pia kama viungo ni vya skrubu au riveti. Skrubu unaweza kuikaza mwenyewe, lakini riveti iliyolegea inahitaji fundi.

Piga hesabu yote

Bei ya kisu si bei ya kukifikisha nyumbani. Chukua mfano wa kisu cha shilingi 3,000 na usafiri wa shilingi 2,500. Tayari ni 5,500. VAT ya asilimia 16 ikipigwa kwa jumla hiyo tu ni shilingi 880, na bado hujaongeza ushuru wa forodha na ada nyingine. Kisu cha "elfu tatu" kimeshapita elfu sita.

Uliza sheria kwanza

Kabla ya kulipa chochote, waulize watu wa forodha kama kisu hicho kinaruhusiwa kuingia nchini. Usitegemee neno la muuzaji. Sheria hutofautiana sana: huko England na Wales, tangu 2021 ni kosa hata kukiweka kisu cha kipepeo nyumbani kwako. Hapa Kenya, kubeba silaha hadharani bila sababu halali ni kosa, kwa hivyo usitembee nacho kwa matatu wala mtaani kuonyesha marafiki. Kiweke nyumbani, kimefungiwa, mbali na watoto.

Kama unachopenda ni ule mchezo wa kukizungusha, kuna balisong za mazoezi. Ubapa wake ni butu na mara nyingi una matundu. Kwa kawaida ni za bei nafuu, na vidole vyako vitakushukuru. Hizo nazo ziulizie kabla ya kuagiza.

Lipa kwa akili

• Weka pesa ya kukusanyia kando, hata kama ni shilingi 200 kwa wiki. Ya chama, kodi na karo usiiguse, na usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya kisu.

• Kama muuzaji yuko karibu, mkutane mahali penye watu, ukague kitu, ndipo ulipe.

• Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Lisipolingana na la muuzaji, simama hapo.

• Hifadhi ujumbe wa malipo na mazungumzo yote. Ukikosea kutuma, tupigie mara moja. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu sana.

• Ukiambiwa "kimebaki kimoja", mwache auzie mwingine.

Mwenzetu alilipa deni la chama kwa miezi miwili. Sasa ana visu vitatu tu, na cha karibuni ni cha mazoezi, alichonunua kwa mtu waliyekutana ana kwa ana. Alikifungua na kukifunga mara kumi hivi kabla ya kutoa simu mfukoni.