Mkojo wa Kwanza wa Aliyeleweshwa Dawa

Abiria ashukaye basini mpakani akipepesuka, fedha na mizigo vimetoweka, mara nyingi hukumbuka jambo moja tu: biskuti au soda aliyokaribishwa njiani. Nchini Kenya hila hii imepewa jina la mitaani, “mchele”. Jamaa humpeleka nyumbani, wakamwacha alale. Anapofika kituoni kesho yake, ushahidi ulio bora umekwisha kumwagwa chooni.

Ushahidi huo ni mkojo. Dawa nyingi za usingizi huonekana katika mkojo kwa muda mrefu kuliko katika damu, pengine siku kadhaa. Lakini ziko nyingine, kama GHB, zinazotoweka kwa muda wa saa 12 hivi.

Zahanatini wengi tumezoea kuambiwa tunawe, tuache mkojo wa mwanzo upite, ndipo tukinge wa katikati. Agizo hilo ni sahihi pale mganga anapotafuta vijidudu vya maradhi, kwa sababu mkojo wa mwanzo huzoa vijidudu vya ngozi. Atafutaye dawa hutaka kinyume chake: mkojo wa kwanza kabisa baada ya tukio, nao ukingwe wote.

Hospitali ndipo mahali pake. Mgonjwa akizidiwa na haja kabla ya kufika, akinge katika chombo safi, kikavu, chenye mfuniko. Chupa ya soda haifai, maana ina mabaki. Jina, tarehe na saa viandikwe papo hapo, chombo kiwekwe penye ubaridi, na mtu mmoja akichukue hadi kwa muuguzi au askari atakayetia sahihi ya kukipokea. Chombo kilichopita mikono mitano bila maandishi humpa wakili wa mshtakiwa pa kushika.

Aliyebakwa asioge, asinawe wala kujifuta kabla ya kuonwa na mganga. Akilazimika kujifuta, karatasi hiyo ihifadhiwe. Dawa za kinga dhidi ya VVU sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina thamani.

Asiyeamka alazwe ubavu, asinyweshwe maziwa wala maji, akimbizwe hospitali iliyo karibu, hata ikiwa ng’ambo ya mpaka. Kuvuka kwanza ili kushitaki “kwetu” ni kupoteza saa zile zile zinazohitajika. Fomu ya polisi, P3 kwa Kenya, PF3 kwa Tanzania na Uganda, itajazwa mgonjwa akiwa mikononi mwa waganga.