Uteuzi wa Molekuli za Kufunika Fuwele Nano za Nusukipitishi kwa Upimaji wa Maji ya Chumvi: Mfano wa Bahi, Dodoma

Makala haya yanafafanua namna fuwele nano za nusukipitishi zinavyowezeshwa kutawanyika katika maji, na kwa nini kifuniko kinachofaa katika maji yaliyokenekwa chaweza kushindwa katika maji ya Bahi.

Fuwele hizi, kwa mfano za teluridi ya kadimi, zina kipenyo cha nanomita chache tu. Zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, ndogo hung'aa kijani na kubwa zaidi hung'aa nyekundu. Uso wake usipofunikwa, fuwele hushikamana na kutuama. Kuna njia mbili kuu za kuzitawanya. Ya kwanza ni kuziunda katika kiyeyushi cha moto kisicho maji, kisha kubadilisha kifuniko chake, kama walivyofanya Warren Chan na Shuming Nie mwaka 1998. Ya pili ni kuziunda ndani ya maji yenyewe: chumvi ya kadimi huchanganywa na asidi ya thayoglikoliki, mchanganyiko hufanywa kuwa wa kialkali, chanzo cha teluri huongezwa pasipo oksijeni, kisha mchanganyiko huchemshwa. Katika njia zote mbili, ncha ya molekuli yenye salfa hushika metali, na ncha ya kaboksili huelekea majini ikiwa na chaji hasi. Chaji hizo ndizo zinazofanya fuwele zisukumane.

Msukumano huo hutegemea chumvi iliyomo majini. Katika myeyusho wa chumvi ya kawaida wenye milimoli 1 kwa lita, hufika umbali wa takribani nanomita 10. Kwenye milimoli 100, hufika nanomita 1 tu. Aidha, ioni ya kalisi huweza kuunganisha kaboksili za fuwele mbili.

Bahi ni bonde lisilo na mkondo wa kwenda baharini. Mto Bubu huingia humo, jua hukausha maji, na chumvi hubaki. Katika miaka ya 2000 eneo hili lilifanyiwa utafutaji wa urani, hivyo haja ya kipimo nafuu cha metali hiyo katika visima inaeleweka. Vipimo vingi vya aina hii husoma kufifia kwa mwanga: metali ikifika usoni mwa fuwele, mwanga hupungua. Hata hivyo, mwanga hupungua pia fuwele zinapogandamana kwa sababu ya chumvi. Hivyo basi, kisima chenye chumvi tu chaweza kudhaniwa kuwa na urani, na wanakijiji wakanyimwa maji pasipo sababu.

Kifuniko cha polietilini glikoli hupunguza hatari hiyo, kwa kuwa hutenganisha fuwele kwa unene wake badala ya chaji. Kasoro yake ni kwamba unene huohuo huweza kuizuia metali inayopimwa isifike usoni. Suala la usalama nalo lizingatiwe: kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa kadimi katika maji ya kunywa ni miligramu 0.003 kwa lita, ilhali cha urani ni 0.03. Sampuli iliyopimwa isirudishwe kisimani kamwe, na fuwele za salfidi ya zinki zenye manganisi zifikiriwe kama mbadala.

Kwa hiyo, matokeo ya maji yaliyokenekwa pekee hayatoshi. Kila kifuniko kijaribiwe kwanza katika maji yenye chumvi na kalisi kama ya Bahi lakini yasiyo na urani. Mwanga ukififia humo, kasoro ni ya kifuniko, si ya kisima.